Pedali zimekaa vibaya: namna ya kulizoea gari usilolijua ukiwa ughaibuni

Wengi wanaohama kutoka nchi za usukani wa kulia kwenda za usukani wa kushoto hudhani pedali nazo zimegeuzwa. Hazijageuzwa. Usukani uwe upande gani, klachi iko kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Kinachobadilika, na ambacho hakuna anayekuambia unapokabidhiwa ufunguo, ni mahali seti nzima ilipokaa mbele ya kiti, na nafasi iliyopo kati ya pedali moja na jirani yake.

Chanzo kikubwa ni tairi la mbele. Uvungu wake, yaani nafasi tairi linamokaa, huingia kwenye nafasi ya miguu upande wa mlango wa dereva. Usukani ukiwa kulia, uvungu huo unabana kutoka kulia, hivyo pedali husogezwa kushoto kidogo. Usukani ukiwa kushoto, pedali husukumwa kulia, kuelekea ule mwinuko wa katikati ya sakafu. Si kila gari liko hivyo, lakini kwenye magari madogo na mafupi utaiona tofauti waziwazi.

Sasa angalia nani yuko hatarini zaidi. Aliyezoea Kenya, Uganda au Tanzania akishika usukani wa kushoto, mguu unaotafuta mafuta huweza kuangukia breki. Gari linashtuka, wa nyuma anapiga honi, lakini angalau limesimama. Aliyezoea Rwanda au Burundi, akienda kuendesha Uingereza, Australia au Japani, anakutana na kinyume chake: mguu unashuka pale breki ilipozoeleka, na unakuta mafuta. Huyo asiondoke kwenye maegesho kabla ya kufanya zoezi lililo hapa chini.

Anza na kiti, kwa sababu pedali nyingi zinazolaumiwa kosa lao ni kiti. Gari likiwa limeegeshwa na handbreki imevutwa, sukuma makalio mpaka yaguse kona ya kiti. Kanyaga breki kwa nguvu zote kama mtu anayekwepa mtoto barabarani. Hapo goti libaki limekunjika kidogo. Kwa gari la gia za mkono pima kwa klachi, maana hiyo ndiyo inayokwenda mpaka sakafuni. Kisha rekebisha mgongo wa kiti: mabega yakiwa yameegemea, kiganja kifike juu ya usukani bila kujivuta. Kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani ziwepo sentimita 25 au zaidi, kwa ajili ya mfuko wa hewa. Kwa mtu mfupi, kuzifikia pedali na kuacha nafasi hiyo hugombana. Inua kiti kwanza, kisha laza mgongo wa kiti kidogo, na kama usukani unasogea, usogeze. Baadhi ya pikapu na magari makubwa ya Marekani yana swichi ya kusogeza pedali zenyewe mbele na nyuma. Itafute kabla ya kuanza kukalia mito.

Baada ya hapo shuka, piga magoti mlangoni, washa tochi ya simu uangalie chini. Laza vidole kati ya breki na mafuta. Vitatu visipoingia, hesabu kwamba nafasi ni finyu kwa kiatu cha kawaida. Angalia pia kina: breki kwa kawaida hukaa juu zaidi ya mafuta, yaani karibu zaidi na wewe. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, ncha ya kiatu inayotoka kwenye mafuta hunasa chini ya ukingo wa breki. Ikiwa ndogo mno, balaa lake ni jingine: breki ikikanyagwa sana inashuka mpaka inalingana na mafuta, na kiatu kipana kinakanyaga zote mbili. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu halionekani ukiendesha polepole. Linajitokeza siku ya breki ya ghafla.

Kisigino ndicho kinachoongoza mguu. Kiweke sakafuni mbele ya breki, sawa na ukingo wake wa kulia, ili mguu ukinyooka ukute breki, na ukiuzungusha nje ukute mafuta. Watu wengi hufanya kinyume: kisigino kinakaa mbele ya mafuta na mguu unajinyoosha kwenda kuitafuta breki. Kwenye gari lako la zamani ulishazoea umbali ule, ndiyo maana hukuona tatizo. Kama mguu wako ni mfupi, au breki iko juu sana kuliko mafuta, acha kuzungusha. Inua mguu mzima uuhamishe.

Zoezi lenyewe huchukua dakika tano. Injini ikiwa imezimwa na macho yakiangalia mbele, hamisha mguu kutoka mafuta kwenda breki mara 20. Usichungulie chini. Baada ya kukanyaga mara mbili au tatu breki itakuwa ngumu kama jiwe, na wengine hapo hurudisha gari wakisema breki mbovu. Si mbovu; kifaa kinachosaidia breki kimeishiwa tu akiba ya nguvu yake. Endelea kuikanyaga huku ukiwasha injini: kwenye magari mengi ya petroli na dizeli itashuka kidogo chini ya mguu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikiendelea kuzama polepole mpaka sakafuni, hilo gari usiliendeshe. Kisha tembea taratibu mahali pasipo na watu, simama mara tano kwa upole, na mara moja kwa nguvu ukiwa kwenye kilomita 20 kwa saa. Sikiliza injini wakati huo. Sauti ikipanda huku unafunga breki, kiatu chako kimegusa mafuta.

Kuhusu viatu: soli nyembamba kiasi, isiyozidi milimita 10, isiyotanuka nje ya kiatu. Buti za baridi ni adui wa pedali zilizobanana, na theluji iliyoganda chini yake huteleza kwenye raba ya pedali. Weka jozi ya kuendeshea ndani ya gari, lakini si sakafuni mbele ya kiti cha dereva. Ndala acha kabisa.

Mikeka nayo. Uwe mmoja tu, wa gari hilohilo, umebanwa na vishikizo vyake. Mwaka 2009 Toyota iliita mamilioni ya magari Marekani yarudishwe kurekebishwa kwa sababu mkeka ungeweza kusogea na kunasa pedali ya mafuta. Ukikuta mpya umewekwa juu ya wa zamani, toa wa juu.

Wanaotoka kwenye gia za mkono kwenda otomatiki wana mtego wao: mguu wa kushoto. Breki ya otomatiki mara nyingi ni pana, imeingia pale klachi ilipokuwa. Ukikaribia taa nyekundu, mguu wa kushoto unajirusha kukanyaga klachi isiyokuwepo, kwa nguvu ya klachi, na gari linasimama kwa kishindo. Uegemeze kwenye kipumzishio cha kushoto, au uurudishe nyuma kabisa chini ya goti. Na kama kuna pedali ndogo kushoto kabisa, hiyo si klachi. Ni breki ya kuegeshea. Usiiguse gari likitembea.

Usidhani utajua umekosea. Miaka ya 1980 Marekani, madereva wa Audi 5000 walisisitiza kwamba walikanyaga breki na gari likazidi kukimbia. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1989 ulionyesha kwamba miguu yao ilikuwa kwenye mafuta, na ukataja mpangilio wa pedali kama jambo lililoweza kuchangia. Ubongo ukiamini mguu uko kwenye breki, gari likikimbia unaongeza nguvu. Kwa hiyo kanuni ni hii: injini ikinguruma kadiri unavyokanyaga, inua mguu wote, kisha urudishe upya kwenye breki. Ikiendelea kunguruma hali mguu hauko kwenye mafuta, weka N (gia huru), kanyaga breki mara moja na uishikilie. Usiipige-pige, utamaliza ile akiba ya nguvu. Usichomoe ufunguo gari likitembea, maana usukani unaweza kujifunga.

Kurudi nyuma kunahitaji uangalifu wa peke yake: ukigeuza kiwiliwili, nyonga inageuka na kisigino kinahama bila wewe kujua. Ukimaliza, simama, kaa upya, tafuta breki, ndipo uweke D (gia ya kwenda mbele).

Usikunje mkono wa pedali wala kubandika vifuniko vya alumini vya urembo. Vinakula nafasi ambayo tayari haitoshi, na bima inaweza kukukatalia dai. Likiwa gari la kukodi na vidole vitatu haviingii, omba jingine kabla ya kusaini. Ukipewa, rudi mlangoni na tochi uanze tena.