Namna ya kusoma habari za vena kwenye ripoti ya MRI ya MS

Mimi ni mtaalamu wa mionzi hapa Dar es Salaam, kazi yangu ya kila siku ni kupiga MRI. Ndugu wa wagonjwa hunisubiri kwenye korido na bahasha ya majibu mkononi, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja: "Dada, hapa wameandika vena. Ina maana mshipa wa kichwani umeziba?" Mara nyingi haujaziba, mama; vena ni mshipa tu unaorudisha damu kwenye moyo. Ila usianzie hapo. Anza na madoa.

Multipo sklerosisi, yaani MS, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mayelini, ile ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Palipoumia huonekana kama doa jeupe kwenye picha za FLAIR, aina mojawapo ya picha za MRI. Lakini doa jeupe pekee halitoshi kusema ni MS, kwa sababu presha ya miaka mingi, kipandauso na umri navyo huacha madoa. Kwa hiyo soma yamekaa wapi: kando ya ventrikali, yaani vile vyumba vya maji katikati ya ubongo, kwenye gamba la ubongo au chini yake tu, kwenye shina la ubongo na serebela, yaani ubongo mdogo wa kisogoni, na kwenye uti wa mgongo. Vigezo vya McDonald, ambavyo madaktari hutumia kutambua MS, vilivyorekebishwa mwaka 2024 vimeongeza neva ya jicho kuwa eneo la tano. Pigia mstari kila eneo lililotajwa. Kama uti wa mgongo haukupigwa kabisa, muulize daktari sababu, maana doa la huko lina uzito mkubwa.

Sasa twende kwenye vena. Ripoti inaweza kuwa inazungumzia mambo matatu yasiyohusiana, na hapa ndipo watu wanapopotea.

La kwanza ni vena ndogo iliyo ndani ya doa lenyewe. Madoa ya MS huanza kuzunguka vena ndogo, ndiyo maana yale ya kando ya ventrikali husimama wima kutoka ukutani. Yanaitwa vidole vya Dawson, kwa jina la James Dawson wa Edinburgh aliyeyaeleza mwaka 1916. Damu ya vena imeshaacha oksijeni, hivyo huvuruga kidogo usumaku wa mashine na kutoka nyeusi kwenye picha za SWI, aina ya picha za MRI inayohisi mvurugo huo. Nikikuza doa zuri kwenye skrini naona mstari mweusi mwembamba ukipita katikati yake, kama uzi ndani ya ushanga. Nikizungusha picha upande mwingine, lazima niuone tena. Ukionekana upande mmoja tu hauhesabiwi. Vena yenyewe iwe chini ya milimita 2, na doa lisiwe chini ya milimita 3. Madaktari huhesabu: asilimia 40 ya madoa au zaidi yakiwa na vena katikati, uzito unaegemea MS. Wengine hutumia njia fupi ya kutafuta madoa 6 ya namna hiyo. Madoa ya presha kwa kawaida hayana mpangilio huo. Hii ni alama ya kusaidia kutambua ugonjwa, wala hakuna kitu cha kuzibua hapo. Mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) huionyesha vizuri kuliko ya 1.5, kwa hiyo ripoti isipoitaja usihitimishe kwamba MS haipo. Uliza kama SWI ilipigwa.

La pili ni vena zilizojiunga kivyake tangu mtu azaliwe: vijivena kadhaa vinamwagia damu kwenye vena moja kubwa. Tunaziona kwa watu wengi wenye afya zao. Zikiwa peke yake huachwa kama zilivyo.

La tatu ni vena za shingoni, na hili linaniuma kwa sababu limekula fedha za watu. Mwaka 2009 Paolo Zamboni, daktari wa Ferrara nchini Italia ambaye mke wake alikuwa na MS, aliandika kwamba vena nyembamba za shingo na kifua hurudisha damu nyuma na kuchangia ugonjwa. Watu walisafiri nchi za mbali kwenda kutanuliwa vena kwa puto. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu majeraha makubwa na vifo. Mwaka 2013 utafiti wa Kanada ulikuta vena nyembamba kwa wagonjwa, kwa ndugu zao na kwa watu wazima wa afya karibu kwa kiwango kilekile. Kisha mwaka 2017 Zamboni mwenyewe na wenzake walichapisha jaribio lao: kutanua vena hakukuwasaidia wagonjwa wa MS. Namheshimu kwa kulichapisha. Ujumbe wa zamani wa WhatsApp unaosifia tiba hiyo bado unazunguka. Ukikufikia, usiuze kiwanja.

Ukirudi kupima, njoo na CD ya mara ya kwanza, si filamu peke yake. Filamu ukiishika dirishani huwezi kukuza doa wala kugeuza upande, na vena ya milimita 1 haitaonekana. Omba upigwe kwenye mashine ileile kama inawezekana, ili doa jipya lijulikane ni jipya kweli. Ukiambiwa utachomwa dawa ya gadolini, sema mapema kama una tatizo la figo au ujauzito. Dawa hiyo hufanya doa ambalo kinga bado inalishambulia ling'ae, na hali hiyo hudumu wiki chache tu. Andika pia tarehe jicho lilipofifia au mguu ulipokufa ganzi, karatasi hiyo iingie kwenye bahasha pamoja na CD. Daktari bingwa wa neva atazisoma zote mbili kwa pamoja.