Kumfundisha anayeanza chesi kupiga foki ya farasi: mwanzishie kwenye rangi

Wengi wanaofundisha chesi wakifika kwenye foki ya farasi wanafanya hivi: wanapanga kete vizuri, farasi anaruka, anawapiga mfalme na malkia kwa mpigo, mwanafunzi anashangaa, basi somo limeisha. Alafu mwanafunzi huyo huyo anacheza gemu, foki iko wazi mbele yake na haioni kabisa, kwa sababu alioneshwa foki ikishatokea, hakuoneshwa inatafutwaje. Kwaiyo hapa naeleza namna ya kuitafuta, na utafutaji wote unaanzia kwenye rangi ya miraba.

Kwa ufupi kwa ambaye hajui kabisa: foki ni kete yako moja kushambulia kete mbili au zaidi za mpinzani kwa muvu moja, na yeye ana zamu moja tu ya kujibu, akiokoa hii unakula ile. Kete yoyote inaweza kupiga foki ila farasi ndo hatari zaidi maana anaruka juu ya kete zingine, na anapomshambulia malkia, ngome au askofu, kete hiyo haiwezi kumla kwa njia ile ile anayoishambulia.

Hatua ya 1: rangi

Toa kete zote ubaoni, bakiza farasi mmoja d4 (herufi ni safu ya wima, a mpaka h toka kushoto kwa mweupe, namba ni mstari wa mlalo, 1 mpaka 8 toka upande wake). Mwambie mwanafunzi aweke kidole kila mraba ambao farasi anaweza kwenda. Ni nane: b3, b5, c2, c6, e2, e6, f3, f5. Sasa muulize hiyo miraba ina rangi gani. Yote ni myeupe, na d4 ni mweusi. Mhamishie farasi kona ya a1, anabaki na miraba miwili tu, b3 na c2, na yote bado ni rangi tofauti na pale alipo. (Na hapo hapo anaona kwa nini farasi wa pembeni ni dhaifu, usimwambie, mwache aone mwenyewe.)

Rudia mpaka aseme mwenyewe kwamba farasi kila akiruka anabadilisha rangi. Akishalikubali hilo mpe hili ambalo ndo la maana kuliko yote kwenye somo hili: kete mbili zinaweza kuliwa foki na farasi kama tu zimesimama rangi moja, na farasi wako kabla hajaruka lazima awe kwenye rangi hiyo hiyo. Yani mfalme na malkia wa mpinzani wako kwenye myeupe, na farasi wako yuko kwenye mweupe, hapo amka, tafuta. Rangi zikitofautiana usipoteze muda.

Mfano wa kumthibitishia: mwanzo wa gemu mfalme mweusi yuko e8 na malkia yuko d8, rangi tofauti, kwaiyo hakuna farasi duniani anayeweza kuwapiga wote wawili wakiwa hapo. Lakini mfalme e8 na ngome a8 ni rangi moja. Malkia d8 na ngome h8 pia ni rangi moja. Ndo maana foki nyingi za mwanzoni zinatokea c7 na f7, na kwa upande wa weupe c2 na f2.

Hatua ya 2: umbali

Hapa usikae sana. Mfundishe umbali unaojirudia mara nyingi: kete mbili kwenye mstari mmoja na mraba mmoja kati yake (c8 na e8, farasi anatua d6), kete mbili kwenye mstari mmoja na miraba mitatu kati (a8 na e8, farasi anatua c7), na kete mbili zilizogusana kona kwa kona. Kuna moja ya kukariri kama haiwezekani: kete mbili kwenye mshazari mmoja zikiwa na mraba mmoja tu katikati, kwa mfano c6 na e8. Rangi ni moja ila farasi hawezi kuzipiga zote kwa pamoja, jaribu utaona.

Hatua ya 3: anatua wapi na anapata nini

Weka mfalme mweusi g8, ngome nyeusi c8, farasi mweupe d5. Zote rangi moja. Mwanafunzi ataona e7 haraka, farasi anaenda e7, cheki (yani mfalme ameshambuliwa), mfalme lazima asogee, ngome inaliwa. Safi. Sasa ongeza askofu mweusi f8 alafu muulize tena. Wengi watacheza e7 ile ile na askofu atamla farasi bure. Rudia zoezi hili ukibadilisha mlinzi kila mara, mara askofu, mara malkia, mara mfalme mwenyewe akae f8, mpaka awe na mazoea ya kuuliza "nani anailinda hii miraba ninayotua?" kabla mkono haujagusa kete.

Alafu suala la thamani. Farasi ana pointi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9, pawni 1. Foki ya malkia na ngome ni nzuri hata kama zote zinalindwa, kwa sababu ukitoa 3 unapata 5 au 9. Foki ya pawni mbili zinazolindwa haina maana yoyote hata kama inapendeza machoni. Na foki yenye cheki ndani yake ndo bora, maana mpinzani hana ruhusa ya kufanya kingine. Foki isiyo na cheki inaweza kukuponyoka, malkia anahama huku anakupigia cheki, ukimaliza kuijibu cheki ile kete ya pili nayo imeshaondoka.

Hatua ya 4: foki ya kweli toka kwenye ufunguzi

Mchezeshe hivi ubaoni: pawni nyeupe e4, nyeusi e5. Farasi mweupe f3, mweusi c6. Askofu mweupe c4, farasi mweusi f6. Sasa farasi mweupe anaruka g5. Simama hapo, mwache ahesabu nani wanaishambulia f7: farasi na askofu. Tuseme mweusi hakushtuka akasogeza pawni h6 ili amfukuze farasi. Farasi anakula f7, na pale anapiga malkia d8 na ngome h8 kwa pamoja. Mfalme hawezi kumla maana askofu wa c4 anamlinda. Hapo mwanafunzi anaona vitu vyote vikikutana, rangi, umbali, na mahali salama pa kutua. Muoneshe pia jibu sahihi la mweusi, pawni d5, inamfungia askofu njia, asije akadhani g5 inashinda kila siku.

Hatua ya 5: rangi ikikataa, ilazimishe

Mimi hapa ndo napapenda, na wengi wanaona ni pagumu kwa wanaoanza ila sio kweli kama hatua ya 1 imeingia. Panga hivi: mweusi ana mfalme g8, malkia d8, pawni f7, g7, h7. Mweupe ana mfalme g1, ngome c1, farasi d5, pawni f2, g2, h2. Zamu ya mweupe. Mfalme wa g8 yuko kwenye mweupe, malkia d8 yuko kwenye mweusi, rangi zimekataa. Na juu ya hilo malkia anamshambulia farasi wako.

Jibu: ngome inaenda c8! Malkia amebanwa mbele ya mfalme wake, kwaiyo hawezi kumla farasi, akihama kwenye mstari huo ngome inamfata. Kilichobaki ni kuila ngome. Akishaila yuko c8, mraba mweupe, rangi moja na mfalme. Farasi anatua e7, cheki, malkia kaenda.

Wazo hili hili lilimaliza gemu ya 10 ya ubingwa wa dunia Moscow mwaka 1966. Petrosian, bingwa mtetezi, alikuwa na farasi d6, mpinzani wake Spassky ana mfalme g8, ngome f7 na malkia g5. Malkia wa Petrosian akaenda h8, cheki, bure kabisa. Mfalme akimla anahamia mraba mweusi, rangi moja na malkia wake, na farasi anakula ngome f7 akiwapiga wote wawili. Spassky akaacha gemu pale pale. Muulize mwanafunzi kwanza "mfalme yuko rangi gani sasa na atakuwa rangi gani akila?" kabla hujampa jibu.

Hatua ya 6: kujikinga

Sheria ni ile ile kwa upande wa pili. Farasi wa adui akisogea karibu, angalia yuko rangi gani, na usiache mfalme na malkia wako wote kwenye rangi hiyo. Mfukuze kwa pawni mapema kabla hajapata pa kukaa. Na gemu ikifika mwisho, kete zimebaki chache, mweke mfalme wako kwenye mshazari mmoja na farasi wa adui, mraba mmoja katikati, kama farasi yuko e4 mfalme akae g6 au c2. Hapo farasi anahitaji muvu tatu kukupigia cheki. Ukikaa naye mstari mmoja, mraba mmoja kati, anakupiga muvu inayofata.

Kwa mazoezi nashauri asipewe mafumbo ya foki peke yake kwa wiki nzima, maana akijua jibu ni foki hatafuti, anakisia. Changanya, matano ya foki, matano ya vitu vingine, na matatu ambayo foki inaonekana ila mraba wa kutua unalindwa. Hayo matatu ndo utakaa nayo muda mrefu.