Viporo vya gemu: ipi ianze, ipi isubiri

Shabiki wa soka anajua kiporo: mechi iliyoahirishwa, inayokaa kwenye ratiba ikidai siku yake. Gemu nazo hulala hivyohivyo. Duka la mtandaoni la Epic hutoa gemu ya bure kila Alhamisi, duka la Steam hushusha bei mara kadhaa kwa mwaka, jirani anayesafiri kwenda Gulu anakuachia diski zake za PS4, na kabla hujajua una gemu 40 ambazo hujazigusa. Wengi huanza na ile inayosifiwa zaidi. Hapo ndipo viporo vinapozidi, kwa sababu gemu inayosifiwa zaidi mara nyingi ndiyo ndefu zaidi na nzito zaidi kuipakua. Pima kwanza saa ulizonazo, umeme unaoupata na data unayoimudu. Sifa zije baadaye.

Anza na daftari

Andika kila gemu uliyonayo kwenye mstari wake: jina, iko wapi (imeshawekwa kwenye mashine, iko kwenye diski, au bado haijapakuliwa), ina GB ngapi, inachukua saa ngapi, na inasevu (inahifadhi ulipofikia) vipi. Saa utazipata kwenye tovuti ya HowLongToBeat, ambayo hutoa makadirio ya hadithi kuu, ya hadithi pamoja na nyongeza, na ya kumaliza kila kilichomo. Tumia la kwanza, kisha ongeza robo yake. Wengi wanaopeleka takwimu zao huko ni wachezaji wazoefu, na wewe utapotea njia mara mbili tatu.

Sasa piga hesabu ya wiki yako bila kujidanganya. Saa moja na nusu kwa usiku minne ni saa 6. Hadithi kuu ya The Witcher 3 ni takriban saa 50, kwa hiyo ni karibu miezi miwili hata kabla ya kuongeza ile robo. Celeste, kama saa 8, inaisha ndani ya wiki mbili. Inside haifiki saa 4: Jumamosi moja tu. Mwanafunzi asianze gemu ya saa 50 wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Hiyo ni ya likizo ya Desemba, ambayo ndiyo ndefu.

Umeme na namna ya kusevu

Safu hii ya daftari watu huiruka, na kwetu Uganda ndiyo inayoamua mengi. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, radi na upepo hukata umeme jioni, saa zilezile ambazo watu wanacheza. Swali la kujiuliza kwa kila gemu ni hili: umeme ukikatika sasa hivi, ninapoteza dakika ngapi?

Chukua Stardew Valley. Inasevu pale tu mhusika wako anapolala mwisho wa siku. Siku nzima ya mle ndani, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 usiku, ni kama dakika 14 za kwetu. Umeme ukikatika umeshamwagilia shamba, umevua samaki na kuuza mayai, vyote vinafutika, lakini hasara yako haizidi robo saa. Gemu ya namna hiyo inafaa usiku wa mawingu. Hades nayo inafaa, kwa sababu inasevu chumba hadi chumba. Persona 5 ni habari nyingine: ukiwa ndani ya majumba yake unategemea vyumba maalumu vya kusevu, na kutoka kimoja hadi kingine panaweza kuwa na nusu saa ya mapigano. Na katikati ya misheni ya Red Dead Redemption 2 huwezi kusevu mwenyewe. Hizi ziwekee wiki ambazo umeme umetulia, au ununue UPS, betri inayoshikilia umeme kwa muda mfupi ukikatika.

Ukinunua UPS, soma wati, usisome VA (volti-ampea). PS5 ikicheza gemu nzito hula takriban wati 200, na runinga ndogo ya LED inaongeza kama 50. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 350 hivi, kwa hiyo inatosha, ila kwa dakika chache tu. Hizo ni za kusevu na kuzima, si za kumaliza misheni. Umeme ukikatika na huna UPS, chomoa plagi, kisha subiri umeme urudi na utulie kama dakika tano ndipo uchomeke. Na usiiache konsoli ikiwa imelala usiku kucha. Zima kabisa. Umeme ukikatika ikiwa imelala, ikiwaka italalamika kuwa haikuzimwa vizuri na kuanza kukagua hifadhi yake, na diski ya nje ikiwa imechomekwa ndiyo inayoweza kuumia zaidi.

Data: gawanya GB kwa saa

Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kila GB ina uzito. Gawanya ukubwa wa gemu kwa saa utakazoicheza. Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta inadai nafasi ya GB 150 kwa hadithi ya saa 50 hivi: GB 3 kwa kila saa ya kucheza. The Witcher 3, GB 50 kwa saa 50, ni GB 1 kwa saa. Stardew Valley haifiki hata GB 1 nzima, na wapo wanaoicheza saa 100. Bando likiwa dogo, jibu liko wazi.

Angalia muda pia. GB 150 kwa kasi ya Mbps 10 isiyoyumba ni zaidi ya saa 33 za kupakua mfululizo. Kwa Mbps 5 ni saa 67, karibu siku tatu.

Njia ya kuokoa bando: tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja kupeana faili za gemu. Rafiki aliyeshaipakua alete kompyuta yake, afungue mipangilio ya upakuaji, aruhusu kuhamisha faili kwa marafiki. Wewe lazima gemu iwe yako kwenye akaunti yako. Toleo lake likiwa la zamani, tofauti itapakuliwa kwa intaneti, kwa hiyo mwambie aisasishe kabla hajaja.

Kubwa moja, ndogo moja

Usiwe na gemu zaidi ya mbili zinazoendelea. Moja iwe ndefu, ya siku zenye nafasi. Nyingine iwe fupi, ya nusu saa kabla ya kulala. Zisiwe za aina moja, na ukimaliza dunia pana kama ya Red Dead Redemption 2 usiingie The Witcher 3 kesho yake. Farasi, ramani na kazi ndogondogo zitakuchosha, na utailaumu gemu ambayo haina kosa.

Diski ya kuazima hupanda juu ya orodha, maana ina mwenyewe. Hata ukiiweka kwenye PS4, haitafunguka bila diski kuwa ndani. Gemu za mfululizo, anza na ya zamani: Portal ya 2007 kabla ya Portal 2 ya 2011. Kurudi nyuma kunauma, kwa sababu pedi huwa ngumu na picha huwa duni. Gemu za mpira zifute kwenye daftari. Hazina mwisho, hivyo hazikuwa viporo tangu mwanzo.

Kila gemu mpya ipe saa mbili. Steam hurudisha pesa ukiwa umecheza chini ya saa mbili na hazijapita siku 14 tangu ununue, kwa hiyo tazama saa. Gemu za hadithi ndefu zipe nne, kwani Persona 5 huchelewa kukuachia uhuru. Baada ya hapo, kama mkono hauendi kwenye pedi wenyewe, piga mstari na usonge mbele.

Ukilazimika kuacha katikati, andika sentensi tatu daftarini: misheni gani, unaelekea wapi, vitufe gani ulikuwa unavisahau. Ukirudi baada ya miezi miwili na hukuwa umefika robo, anza upya. Ukiwa umevuka nusu, cheza dakika 20 kwenye eneo rahisi kabla ya kumkabili adui mkubwa.

Nyumba yenye wadogo, kila mmoja awe na akaunti yake kwenye konsoli. Mdogo wako akianza gemu mpya kwenye nafasi yako ya kusevu, saa zako 30 zimekwenda. Na nafasi ikijaa, kumbuka kuwa kufuta gemu kwenye PS4 hakufuti sevu. Hata hivyo nakili sevu kwenye flashi kwanza. PS5 hairuhusu sevu za gemu zake kunakiliwa kwenye flashi, kwa hiyo hizo usiziguse kabisa.