Rimoti ya gari imegoma? Kabla hujanunua nyingine anza hapa

Wengi wanaoleta gari hapa Nyakato, Mwanza wanasema "fundi, rimoti imekufa", ukimuuliza gari inawaka anasema mbona inawaka vizuri tu. Sasa kaka hapo hakijafa kitu kikubwa. Ndani ya hiyo funguo kuna vitu viwili na kila kimoja kina kazi yake, kuna rimoti yenyewe ya kufungua na kufunga milango, hii inakula betri, alafu kuna chipu ya imobilaiza inayoiruhusu injini iwake, na hii chipu haitumii betri kabisa, inapata umeme wake hewani kutoka kwenye koili iliyozunguka pale unapochomeka funguo. Kwa hiyo milango ikigoma ila gari inawaka, shida sio chipu, iko upande wa rimoti na milango. Milango ikifunguka lakini starta inazunguka na injini haishiki, alafu taa ya usalama kwenye dashibodi inawakawaka, hapo ndo uanze kuishuku chipu.

Hatua ya kwanza, jua mgonjwa ni funguo au gari. Chukua funguo ya akiba ujaribu. Zote mbili zikigoma usihangaike na rimoti, kaangalie gari: betri ya gari imelala? kuna mlango haujajifunga vizuri? kuna funguo umeiacha kwenye swichi? (Toyota nyingi ukiacha funguo imechomekwa rimoti haifanyi kazi, na wala sio ubovu.) Kingine watu hawakijui ni fyuzi. Toyota nyingi zina fyuzi imeandikwa DOME, ikiungua taa ya ndani ya juu inazima na rimoti nayo inaweza kuzima, kwa hiyo ukiona vimekufa kwa pamoja, fungua kiboksi cha fyuzi kwanza.

Kama inagoma sehemu moja tu, labda ukipaki chini ya mnara fulani, ila ukifika nyumbani iko poa, hiyo ni mawimbi yanaingiliana. Hata chaja za bei rahisi za kuchomeka kwenye gari zinaweza kusumbua, hasa gari za kuwasha kwa batani. Chomoa chaja ujaribu tena.

Hatua ya pili ni betri ya rimoti, na hapa nakaa kidogo maana kesi nyingi zinaishia hapa. Dalili yake ni kwamba zamani ulikuwa unafungua ukiwa mbali, siku hizi mpaka uisogelee gari, mara ubonyeze mara tatu ndo ikubali. Fungua kava taratibu kwa kucha au bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa, piga picha ya betri kabla hujaitoa ujue upande wa jumlisha umeangalia wapi, alafu soma namba. CR2032 maana yake ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, CR2025 upana ni uleule ila unene ni 2.5, zote ni volti 3. Wauzaji watakwambia "ni ileile tu boss", sio ileile, ukiweka 2025 kwenye nafasi ya 2032 inacheza, leo inashika kesho inaachia, unaanza kulaumu rimoti. Ukiwa na mita pima, mpya inasoma volti 3 na pointi kidogo, ikishuka chini ya 2.8 mi naibadilisha, buku mbili tatu haina haja ya kuumiza kichwa. Ila mita nayo inadanganya, betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa haijabebeshwa mzigo, kwa hiyo jaribu na mpya kabisa ndo uamue. Ile ya zamani usiiache mezani, mtoto akiimeza inaunguza koo ndani ya saa chache, hiyo ni ya kukimbia hospitali muda huohuo.

Na ule ujanja wa kuangalia rimoti kwa kamera ya simu, huo ni wa rimoti za tivii zinazotumia mwanga. Za gari karibu zote ni redio, hutaona kitu hata ikiwa nzima.

Hatua ya tatu ni kwa ndugu zangu wa mwaloni Kirumba na nyie mnaovuka na kivuko cha Kamanga funguo ikiwa mfuko wa shati. Ikidondoka ziwani usibonyezebonyeze kuona kama bado inafanya kazi, toa betri hapohapo. Bahati yetu maji ya ziwa hayana chumvi, ingekuwa bahari bodi ingeanza kuliwa mapema sana. Fungua kava, toa bodi, safisha kwa spiriti na mswaki laini, usitumie thina maana inayeyusha plastiki na raba za batani. Anika kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa. Mambo ya kufukia kwenye mchele achana nayo, unaongeza vumbi tu.

Hatua ya nne, betri mpya na bado kimya, tazama bodi kwenye mwanga. Vibati vya kushika betri vikiwa vimelegea vikunje kidogo virudi. Bonyeza vile vibatani vidogo, kila kimoja kinatakiwa kilie "tik", kisicholia kimekufa, fundi simu mzuri anakibadilisha na kuchomea miguu iliyoachia. Ukibadilisha kava lililopasuka hakikisha chipu imehama, kwenye funguo nyingi za chuma ni kidude cheusi kidogo kimejificha kwenye kona ya plastiki, watu wanakitupa na kava la zamani, alafu gari haiwaki.

Ukikwama njiani na gari ya batani, betri ya rimoti imeisha, usiite bridauni. Chomoa kile kifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti ufungue mlango, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye batani ya kuwashia, kwenye Toyota ni upande wenye nembo, ukisikia mlio bonyeza batani.

Ikibidi kununua, usinunue kwa sura. Gari za soko la Japani nyingi ziko kwenye masafa ya megahezi 312 hadi 315, za Ulaya 433, kava linaweza kufanana kama pacha na zisiongee. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye bodi. Rimoti mtumba za Toyota za batani nyingi zimefungwa na gari la mwanzo, muulize muuzaji kama imefunguliwa ikubali gari lingine, la sivyo mashine ya kuprogramu (ya kuitambulisha rimoti kwa gari) itaikataa. Siku ya kuprogramu nenda na funguo zako zote, maana kuna njia zinazofuta za zamani. Na kabla hujalipa mwambie fundi atoe betri kwenye hiyo rimoti mpya, alafu awashe gari mbele yako, ikiwaka ujue chipu nayo imekubali.