Riwaya tano zinatosha muhula mmoja

Mwalimu mwenzangu unayepanga kozi ya riwaya ya Kiafrika, usianze na orodha ya majina makubwa. Tafuta kwanza riwaya mbili zinazobishana, kisha nyingine uzipange kuzizunguka hizo.

Mimi huanza na Peponi ya Abdulrazak Gurnah na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Katika Peponi, kijana Yusuf anaondoka kwao na tajiri Aziz akimdhani jamaa yake, kumbe baba amemweka rehani kwa deni. Katika Vuta N'kuvute, Yasmin naye anaozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Wote wawili wameamuliwa na wakubwa. Lakini Yasmin anatoroka na kukutana na Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar, ilhali Yusuf tunamwacha akiukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Waulize wanafunzi: kwa nini wametoka kwa milango tofauti hivyo? Kisha nyamaza, uwaache wabishane. Hapo ndipo utakapojua nani kasoma na nani kasimuliwa.

Peponi ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikaja 2022. Tafsiri zitumie bila wasiwasi hata katika kozi ya Kiswahili, la sivyo Afrika yako itaishia Afrika Mashariki. Ghana utaipata katika Wema Hawajazaliwa ya Ayi Kwei Armah, iliyotafsiriwa na Abdilatif Abdalla. Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe, naipenda sana, ila siiweki: wengi walishaisoma hadithi hiyo sekondari, nao huja na majibu ya kukariri.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni nyembamba, na wembamba huo unadanganya: kuielewa si rahisi. Itangulize riwaya yake nyingine, Rosa Mistika (1971). Zakaria akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, hakuna mwanafunzi asiyeelewa. Aliyemzoea Kezilahabi huyo wa usimulizi wa wazi, akifika kwenye Nagona atauliza mwenyewe kwa nini mwandishi ameiacha njia ile. Swali hilo ni zuri kuliko mhadhara wowote nitakaoutoa.

Kabla hujapeleka orodha idarani, nenda maktaba ukahesabu nakala kwa macho yako, usiamini katalogi. Kisha piga simu duka la vitabu uulize bei. Riwaya yenye nakala moja kwa darasa zima itasomwa kwa muhtasari wa kufotokopi, hata iwe bora namna gani. Hiyo iahirishe mpaka maktaba inunue nyingine.