Betri za umeme wa upepo: jiulize kwanza zikijaa umeme utakwenda wapi

Usiku mmoja niliamshwa na mlio wa turbaini yangu. Haukuwa ule mvumo niliouzoea. Ulikuwa mkali, na kila dakika ulizidi kupanda. Betri ya lithiamu ilikuwa imejaa, saketi yake ya ulinzi ikajikata, mapanga yakabaki hayana cha kuyashika. Nilitoka peku mbio hadi kwenye swichi ya breki. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue betri gani, nami humuuliza: zikishajaa, umeme utakwenda wapi?

Kwa hili upepo haufanani na jua. Paneli ya sola ukiitenganisha na betri inatulia tu, haidhuriki. Turbaini ukiiondolea mzigo, yaani kile kinachotumia umeme wake, inakimbia, volti zinaruka juu, na inaweza kuunguza kidhibiti chaji na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) au kuvunja mapanga yake yenyewe. Kwa hiyo betri ni ghala, lakini pia ni breki. Ikijaa, lazima pawe na mzigo wa kumwagia umeme, kwa kawaida hita ya maji au koili za kutoa joto, zenye uwezo wa kumeza wati nyingi kuliko turbaini inavyoweza kutoa kwenye upepo mkali kabisa. Mzigo huo ufungwe upande wa turbaini, kabla ya fyuzi ya betri. Kosa langu lilikuwa hapo: niliufunga upande wa betri, betri ilipojikata na mzigo nao ukapotea.

Tukishaelewana hapo, twende kwenye ukubwa. Andika kila kifaa unachotumia, wati zake na saa zake kwa siku. Tuseme jumla ni wati-saa 1,200 kwa siku, na unataka kuvuka siku 3 bila upepo: hizo ni wati-saa 3,600. Betri za risasi, zile zenye sahani za madini ya risasi ndani ya asidi, usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji wati-saa 7,200. Kwa mfumo wa volti 24 ni ampea-saa 300. Lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, basi wati-saa 4,500 zinatosha. Ongeza kama asilimia 10 kwa ajili ya kinachopotea kwenye inveta. Zile siku 3 usizikadirie tu kichwani. Angalia upepo wa mahali pako hukaa kimya kwa muda gani, maana upepo ukipungua hadi nusu, nguvu iliyomo ndani yake hushuka hadi sehemu moja ya 8.

Sasa aina. Betri ya gari iache kwenye gari. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukizishusha sana kila siku zinakufa. Mimi nilianza na mbili kuukuu za lori na hazikumaliza hata msimu mmoja. Tafuta betri za risasi zenye sahani nene, zilizotengenezwa kutumika kwa kina na kuchajiwa tena na tena.

Kwa anayeanza, bado napenda betri za risasi za maji. Zinavumilia upepo unaokuja kwa vishindo, na zikizidishiwa chaji kidogo hupoteza maji, ambayo unayarudisha kwa maji safi ya betri yasiyo na chumvi wala asidi. Zile za jeli, ambazo asidi yake imegandishwa, huumia zikichajiwa kwa kasi au kupita kiasi, na hayo ndiyo mambo ya upepo, hivyo sizishauri. Adui mkubwa wa betri ya risasi ni kukaa na njaa. Ikilala siku nyingi bila kujaa, sahani hujenga ukoko wa salfa, na ukoko ukishakomaa hautoki. Pima kwa mita betri ya volti 12 ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.1 iko karibu nusu. Chumba kiwe na hewa ya kutosha, kwa sababu zikichajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kulipua.

Lithiamu ya chuma na fosfeti ni nyepesi, inaishi mizunguko maelfu, na haidhuriki ikikaa nusu. Kwa upepo usiotabirika hilo ni jambo kubwa, na ndiyo ninayotumia sasa. Lakini isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, na usiiache ifike mahali pa kujikata. Yangu ya volti 24 ina seli 8, na kila seli mwisho wake ni volti 3.65, yaani 29.2 kwa zote. Nimeweka kidhibiti kianze kumwaga umeme kwenye hita volti zikifika 28. Muulize muuzaji betri inapokea ampea ngapi za chaji bila kukatika, kisha linganisha na ampea za juu kabisa za turbaini yako. Asipojua, usinunue kwake.

Turbaini ikiwa mbali na nyumba, chagua volti 24 au 48 badala ya 12: volti zikiwa mara mbili, umeme unaopotea kwenye waya uleule hubaki robo. Betri utakazounganisha ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Ukichanganya kuukuu na mpya, kuukuu huzivuta mpya chini.

Ukishafunga kila kitu, subiri siku ya upepo mdogo. Mimi hushusha kiwango cha kumwaga kwenye kidhibiti hadi chini kidogo ya volti zilizopo, kisha nasogeza kiganja karibu na hita bila kuigusa. Ikianza kutoa joto na mapanga yakapunguza mwendo, narudisha kiwango kwenye 28 na naenda kulala.