Kasa akinasa kwenye wavu, fanya hivi

Wavuvi wenzangu wa Malindi, ukivuta wavu ukakuta kasa kalegea usimrudishe majini ukidhani kafa, kasa anapumua kwa mapafu kama mimi na wewe, huenda kazimia tu. Mlaze tumbo chini kivulini, inua nyuma yake kama sentimita 15 kwa gunia lililokunjwa ili maji yatoke mapafuni, mfunike kitambaa kilicholowa ila pua ziwe wazi. Mguse kope taratibu, akipepesa yuko hai. Wengine huchukua hadi saa 24 kuzinduka, subira jamani! Na kama kameza ndoana usivute mshipi hata kidogo, utamchana utumbo, ukate ubakishe kipande kining'inie kisha wapigie Local Ocean Conservation pale Watamu, wao ndo wanatibu kasa.